Merib-baali, Mwana wa Yonathani: Jina Lililo Nyuma ya Mefiboshethi

Waheshimiwa wachungaji na wainjilisti, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, na ninyi vijana mliokubali kukaa nasi mchana huu, nawashukuru kwa kunialika.

Nimepewa jina moja tu la kulieleza, nalo ni jina ambalo karibu kila mmoja wetu amelisikia likihubiriwa: Mefiboshethi. Mahubiri yake tunayajua kabla mhubiri hajafungua Biblia. Mjukuu wa mfalme anaanguka yaya wake akikimbia naye, anakuwa kiwete, anaishi Lo-debari, mahali pa ukiwa. Jina lake, tunaambiwa, maana yake ni aibu. Kisha Mfalme Daudi anamtafuta, anamketisha mezani pake, na aibu inaondoka. Ni mahubiri mazuri, na neema inayotangazwa ndani yake siibishii hata kidogo. Lakini ile sehemu inayohusu jina haisimami, kwa sababu Yonathani hakumwita mwanawe aibu. Jina ambalo familia ilimjua nalo limo ndani ya Biblia zetu hizi hizi, ila limewekwa katika zile orodha za vizazi ambazo wengi wetu tunazirukaruka tukitafuta mahali penye habari.

Tufungue 1 Mambo ya Nyakati 8:34. Hapo panasemwa kwamba mwana wa Yonathani alikuwa Merib-baali, na kwamba Merib-baali alimzaa Mika. Sasa turudi 2 Samweli 9:12, ambapo tunasoma kwamba Mefiboshethi alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Babu ni Sauli, baba ni Yonathani, mtoto ni Mika. Mtu ni mmoja, na majina ni mawili. Kitabu cha Samweli kinatumia moja, na kitabu cha Mambo ya Nyakati kinatumia jingine, bila hata kimoja kueleza kwa nini.

Kama jambo hili lingempata yeye peke yake, tungeweza kusema ni bahati mbaya ya mwandishi aliyesinzia. Lakini mwangalieni baba yake mdogo. Mwana wa Sauli ambaye Abneri alimtawaza kule Mahanaimu anaitwa Ishboshethi katika 2 Samweli 2:8, na katika 1 Mambo ya Nyakati 8:33 anaitwa Eshbaali. Mwangalieni Gideoni, ambaye katika Waamuzi 6:32 anapewa jina Yerubaali, lakini Yoabu anapotuma habari za vita kwa Daudi, katika 2 Samweli 11:21, anatajwa kuwa Yerubeshethi. Mwangalieni hata mwana wa Daudi mwenyewe aliyezaliwa Yerusalemu: 1 Mambo ya Nyakati 14:7 inamwita Beeliada, na 2 Samweli 5:16 inamwita Eliada. Palipo na Baali katika kitabu kimoja, pana boshethi katika kingine, au pana El, yaani Mungu. Neno boshethi kwa Kiebrania ni aibu. Kwa hiyo linaloonekana hapa ni mkono uliopita juu ya majina na kuondoa sehemu moja tu, ile yenye Baali.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza, na najua baadhi yenu mmeshaliuliza kimoyomoyo. Je, Yonathani, rafiki wa Daudi, mtu aliyesema kwamba hakuna la kumzuia BWANA asiokoe kwa wengi au kwa wachache, alimpa mwanawe jina la sanamu?

Ili kulijibu hatuna budi kuuliza neno baali lilikuwa na maana gani masikioni mwa Mwisraeli wa karne ya 11 kabla ya Kristo. Nasi tunaosema Kiswahili tuna nafasi nzuri ya kulielewa, kwa kuwa neno letu bwana limetembea njia ile ile. Mwenye nyumba ni bwana wa nyumba; mke humwita mumewe bwana; mtumishi humwita mwajiri wake bwana; na sisi sote humwita Mungu Bwana. Baali ya Kiebrania ilibeba hayo yote: mwenye mali, mume, mkuu, na mungu. Katika Kutoka 21 na 22, mwenye ng'ombe na mwenye shimo wanaitwa kwa neno hilo hilo, na hakuna mtu anayedhani kwamba ng'ombe aliabudiwa. Kiarabu, ndugu ya Kiebrania, kimehifadhi maana hizo hata leo, na jirani zetu Waislamu wanazikuta ndani ya Kurani: katika Sura Hud mke wa Ibrahimu anamtaja mumewe kwa neno ba'l, na katika Sura As-Saffat nabii Ilyas anawakemea watu wake kwa kumwomba Ba'l. Neno moja, katika kitabu kimoja, linamtaja mume mahali pamoja na mungu wa uongo mahali pengine.

Ni kweli pia kwamba kulikuwa na mungu aliyeitwa hivyo kwa jina lake hasa. Tangu wanaakiolojia walipoanza kuchimba Ras Shamra, kwenye pwani ya Siria, mwaka 1929, tumepata mbao za udongo za mji wa kale wa Ugariti, zinazosimulia jinsi Baali, mungu wa mvua na ngurumo, alivyopigana na Yamu, ambaye ni bahari, na baadaye na Motu, ambaye ni mauti. Huyo ndiye aliyeshindana na Eliya mlimani Karmeli, na shindano lenyewe lilihusu moto na mvua, mambo ambayo Baali alidai kuwa ni yake. Kwa hiyo mtu aliyetamka neno hili katika Israeli ya zamani angeweza kumaanisha mojawapo ya mawili, na ni mazingira yake tu ndiyo yangetuambia ni lipi.

Basi tuyatazame mazingira ya nyumba ya Sauli na ya watu wa kizazi chake. Sauli alimwita mzaliwa wake wa kwanza Yonathani, yaani Yahwe ametoa (Yahwe ndilo jina la Mungu wa Israeli ambalo Biblia zetu huliandika BWANA), na mwana mwingine akamwita Eshbaali. Hakuna mahali Maandiko yanapomshitaki Sauli kwa kumwabudu Baali. Ameshitakiwa kwa mengi, na hata kwa kumwendea mwanamke wa Endori usiku, lakini si kwa hilo. Na waandishi wa Samweli hawakuwa watu wa kumfichia Sauli makosa. Daudi naye, alipowashinda Wafilisti, alisema kwamba BWANA ndiye aliyewafurikia adui zake, na hapo hapo akapaita mahali pale Baal-perasimu. Kama baali wakati ule lingekuwa jina la sanamu peke yake, Daudi angekuwa amempokonya Mungu sifa ya ushindi katika sentensi ile ile aliyompa. Bila shaka alimaanisha Bwana, na Bwana huyo alikuwa Mungu wa Israeli.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote ni mtu ambaye hakuna anayemhubiri. Katika 1 Mambo ya Nyakati 12:5, kati ya mashujaa wa Benyamini waliomfuata Daudi Siklagi, yumo mmoja anayeitwa Bealia. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili, baali na Yah, na maana yake ni Yahwe ndiye baali, yaani Yahwe ni Bwana. Huyu ni Mbenyamini, wa kabila la Sauli, wa siku za Sauli, na wazazi wake walikiri imani yao kwa neno ambalo sisi tumezoea kulisikia kama tusi.

Ardhi nayo imesema. Mwaka 2012, katika ngome ya kale ya Khirbet Qeiyafa juu ya bonde la Ela, karibu na pale Daudi alipopigana na Goliathi, wachimbaji walipata mtungi uliovunjika vipande zaidi ya 100. Vilipounganishwa, maandishi yalionekana begani mwake, na mwaka 2015 yakachapishwa: Eshbaali mwana wa Beda. Mtungi ule ni wa miaka ya karibu na 1000 K.K., kipindi cha Sauli na Daudi. Huyu si mwana wa Sauli, kwa kuwa baba yake anatajwa kwa jina lake, lakini tunajua sasa kwamba Eshbaali lilikuwa jina ambalo mtu aliandika kwenye mtungi wake bila kuona haya. Mwaka 2021 likatangazwa jina la Yerubaali, lililoandikwa kwa wino kwenye kigae cha chungu kidogo kilichopatikana Khirbat er-Ra'i, si mbali na Lakishi, nacho ni cha miaka ya karibu na 1100 K.K.

Na Merib-baali mwenyewe? Yupo. Mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuta Samaria vigae vingi vyenye maandishi ya wino ya karne ya nane K.K., ambavyo vilikuwa kumbukumbu za divai na mafuta yaliyopelekwa mji mkuu. Kigae kimoja cha mwaka wa kumi wa mfalme kinataja mzigo uliopelekwa kwa mtu anayeitwa Gadiyau, na miongoni mwa waliohusika yumo Abibaali na yumo Meribaali. Gadiyau amebeba jina la Yahwe mwishoni mwa jina lake, na jirani zake wamebeba Baali, wote kwenye kipande kimoja cha chungu. Kwa vigae hivyo vya karne ya nane sithubutu kusema kwamba kila baali aliyetajwa alikuwa BWANA wa Israeli, kwa kuwa wakati ule kaskazini mambo yalikuwa yameshachafuka. Lakini jina lenyewe halikuwa geni wala si la nyumba moja.

Lilichafukaje? Jibu tunalipata katika 1 Wafalme 16:31. Ahabu alimwoa Yezebeli, binti Ethbaali mfalme wa Wasidoni. Tazameni jina la mkwewe. Kuanzia hapo, katika karne ya tisa K.K., Baali aliingia Samaria akiwa na hekalu, makuhani, bajeti ya malkia na manabii 450, na tangu siku hiyo neno lile halikuweza tena kutamkwa kwa maana mbili bila kuleta mashaka. Mtu aliyesema baali ilibidi aulizwe yupi. Karne moja baadaye nabii Hosea alimaliza mjadala. Katika sura ya 2, BWANA anamwambia Israeli kwamba siku ile ataitwa Ishi, wala hataitwa tena Baali, na kwamba majina ya Mabaali yataondolewa kinywani mwake. Ishi ni mume wangu. Baali pia ni mume wangu, lakini kwa maana ya bwana wangu, mwenye mimi. Tunaona hapa mambo mawili. La kwanza, Hosea anakiri kwamba watu walikuwa wakimwita BWANA kwa jina Baali, maana huwezi kuwaambia watu waache jambo wasilolifanya. La pili, kuanzia hapo neno limefungiwa mlango.

Waandishi walionakili vitabu vitakatifu katika karne zilizofuata walilichukua agizo hilo kwa uzito, pamoja na lile la Kutoka 23:13 linalokataza kutaja majina ya miungu mingine. Hosea mwenyewe, katika 9:10, alikuwa ameshamwita Baal-peori kitu cha aibu, na Yeremia 11:13 inaweka madhabahu za aibu na madhabahu za Baali bega kwa bega, kana kwamba moja ni tafsiri ya nyingine. Hivyo msomaji alipofika penye Baali, alisoma aibu. Desturi hii ilikuwa na mizizi mirefu kiasi kwamba wafasiri wa Agano la Kale la Kigiriki, walipofika kwenye habari za Karmeli katika 1 Wafalme 18, waliandika manabii wa aibu mahali ambapo Kiebrania kina manabii wa Baali. Hata mtume Paulo, anapowataja katika Warumi 11:4 wale 7,000 ambao hawakupiga goti mbele ya Baali, anaweka mbele ya jina hilo la kiume kibainishi cha kike cha Kigiriki, jambo ambalo wataalamu wengi hulieleza kwa kusema kwamba macho yalisoma Baali na mdomo ukatamka neno la Kigiriki la aibu, ambalo ni la kike.

Mtaniuliza kwa nini basi Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baadaye, kimehifadhi majina ya zamani, na Samweli, kilicho cha kale zaidi, kikabadilishwa. Maelezo ya kawaida, nami nayakubali, ni kwamba habari za Samweli zilisomwa sana na kunakiliwa sana, hivyo zilipita mikononi mwa watu wengi wenye bidii, wakati zile orodha za vizazi hazikumvutia mtu wa kuzisahihisha. Lakini mkono ule haukuwa makini sana hata ndani ya Samweli: katika 1 Samweli 12:11 Yerubaali amebaki Yerubaali. Na katika kubadilisha huko majina yalichanganyika vibaya. Nakala za Kigiriki zinamwita Ishboshethi kwa jina la Mefiboshethi sura nzima nzima. Kitabu cha Samweli kilichopatikana katika pango la nne la Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, kwa Kiebrania, kinafanya vivyo hivyo katika sura ya 4. Na baadhi ya nakala nyingine za Kigiriki bado zinasoma Memfibaali, jina ambalo halijaguswa na aibu bado. Hata sisi tumeirithi vurugu hiyo, maana ile tafsiri ya mtu wa aibu inayotajwa madhabahuni ni ya jina Ishboshethi, kwa kuwa ish ni mtu. Sehemu ya kwanza ya Mefiboshethi si ish. Wengine wanaisoma kuwa kutoka kinywani mwa, wengine kuwa afutaye au atawanyaye, na wako wanaodhani kwamba imetoka kwa Mefiboshethi wa pili, mwana wa Sauli kwa Rispa, anayetajwa katika 2 Samweli 21:8, ambaye jina lake liliingia juu ya la mpwa wake.

Haki inanitaka niwaambie pia kwamba si wote wanaokubali kuwa boshethi hapa ni aibu. Mwaka 1975 mwanachuoni Matitiahu Tsevat alipendekeza kwamba katika majina haya neno hilo ni ndugu ya bashtu ya Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, lenye maana ya heshima, nguvu na ulinzi, na ambalo linapatikana katika majina ya watu wa Mesopotamia. Kwa maoni hayo, mtu mmoja angeweza kuwa na majina mawili ya heshima, na hakuna mwandishi aliyebadilisha kitu. Mimi naona mfuatano wa Hosea, Yeremia na Kigiriki una uzito zaidi. Lakini angalieni kwamba, kwa upande wowote tutakaouchukua, mtoto yule hakupewa jina la aibu alipozaliwa. Kama waandishi walibadilisha, basi walibadilisha karne nyingi baada yake, na hakuna mtu aliyemfahamu uso kwa uso aliyepata kumwita Mefiboshethi. Kama hawakubadilisha, basi boshethi ni heshima.

Sasa, Merib-baali maana yake nini? Sehemu ya kwanza hutolewa katika kitenzi rib, ambacho ni kugombana, kushitaki, kutetea kesi. Ndicho kilichoipa Meriba jina lake, pale Waisraeli walipoteta na Musa juu ya maji. Ndicho pia kilicho ndani ya jina la Gideoni: baba yake Yoashi aliwaambia watu wa mji kwamba kama Baali ni mungu na ajitetee mwenyewe, na jina Yerubaali likatoka katika dhihaka hiyo. Kwa Gideoni, basi, Biblia inalisoma jina kuwa changamoto dhidi ya Baali. Kwa mwana wa Yonathani haitoi maelezo yoyote, na 1 Mambo ya Nyakati 9:40 inaliandika mara mbili katika mstari mmoja kwa tahajia mbili tofauti kidogo za Kiebrania, kwa hiyo sitalifunga kwa kauli moja. Usomaji wa karibu zaidi na lugha ya nyumba ile, kwa maoni yangu, ni Bwana ndiye atetaye, mtetezi ni Bwana. Mfikirieni Yonathani akimpa mtoto jina hilo akiwa mtu aliyejua kwamba ufalme unaondoka nyumbani mwake, na aliyekwisha kumwapisha Daudi, katika 1 Samweli 20, asiukatilie mbali wema wake na nyumba yake milele.

Jina likishasomwa hivyo, vipande vingine vya mahubiri yetu navyo vinahitaji kuangaliwa upya. Lo-debari tumeifanya jangwa la watu waliosahauliwa. Sikatai kwamba jina la mji lilisikika vibaya, hata Amosi 6:13 inalichezea kwa kuwasema watu wanaofurahia kitu kisicho kitu. Lakini Mefiboshethi aliishi pale nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli, na Makiri tunamkuta tena katika 2 Samweli 17, Daudi alipomkimbia Absalomu: yeye na wenzake wawili wakamletea mfalme na watu wake vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi na kondoo. Huyo si mtu wa ukiwa. Mwana wa Yonathani alifichwa na tajiri mwenye moyo, ng'ambo ya Yordani, katika nchi ya Gileadi iliyokuwa tayari imemkubali Ishboshethi kuwa mfalme, mbali na mkono wa mtu yeyote aliyetaka kuimaliza nyumba ya Sauli.

Tunaambiwa pia kwamba alipojiita mbwa mfu mbele ya Daudi, jina lake la aibu lilikuwa likisema ndani yake. Lakini Daudi, mpakwa mafuta wa BWANA, alijiita mbwa mfu mbele ya Sauli katika 1 Samweli 24:14, na hatujawahi kusema kwamba Daudi aliathiriwa na jina lake. Ilikuwa lugha ya kujinyenyekeza mbele ya mfalme.

Na ulemavu wake. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi, kwa kuwa nimewahi kumsikia mhubiri akifundisha mbele ya wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu kwamba miguu ya Mefiboshethi ilivunjwa na jina lake. Biblia inataja sababu, wala si ya siri: alikuwa na miaka mitano, habari za vifo vya Yezreeli zilifika, yaya akamchukua akakimbia kwa haraka, mtoto akaanguka. Ilikuwa ajali ya wakimbizi. Nchi zetu za Maziwa Makuu zina wazazi wengi wanaoijua ajali ya namna hiyo bila kuhubiriwa. Ninyi mnaoombewa mbadilishe majina kwa kuwa wazazi waliwaita Shida, Tabu au Matatizo mna uhuru wa kuyabadilisha kama hayawapendezi, lakini msimtaje mwana wa Yonathani kuwa shahidi. Jina lake la ubatizo, kama ningeruhusiwa kusema hivyo, halikuwa na kasoro, na bado alianguka.

Kama tunataka jina lake liseme kitu juu ya maisha yake, mahali pa kutazama ni 2 Samweli 19, kwa sababu pale kuna kesi. Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, alikuwa amemwendea Daudi njiani na kumwambia kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akiutamani ufalme, na Daudi akampa Siba mali yote bila kusikiliza upande wa pili. Daudi aliporudi, Mefiboshethi alishuka kumlaki akiwa hajazikata ndevu wala hajazifua nguo tangu mfalme aondoke. Akaeleza kwamba alidanganywa: alitaka kutandika punda aende na mfalme, na mtumishi akamsingizia. Kisha akasema maneno ambayo ni ya mahakamani kabisa, ana haki gani tena hata azidi kumlilia mfalme. Daudi hakuchunguza, alimkatiza, akaamua mashamba yagawanywe, yeye na Siba. Ni moja ya hukumu zisizomsifu Daudi, ingawa tunaipita kwa upole. Mtu mwenye jina la kutetewa hakupata mtetezi mbele ya kiti cha mfalme, naye akajibu kwamba Siba na achukue yote, maadamu bwana wangu mfalme amerudi salama. Msimulizi hasemi nani alisema kweli, ila zile ndevu zisizokatwa haziwezi kutengenezwa kwa siku moja.

Baada ya hapo anatajwa mara moja tu, katika 2 Samweli 21:7, Wagibeoni walipodai damu ya nyumba ya Sauli. Wanaume saba walitolewa wakanyongwa, pamoja na yule Mefiboshethi mwana wa Rispa, na huyu wa Yonathani akahurumiwa kwa sababu ya kiapo cha BWANA kilichokuwa kati ya Daudi na Yonathani. Utetezi ulikuja kutoka kiapo cha baba yake, wakati ambapo hakuna aliyemwomba aseme neno.

Jina moja yeye mwenyewe alilichagua, nalo ni la mwanawe. Mika, kama wengi wanavyolielewa, ni ufupisho wa Mikaya: nani aliye kama Yahwe? Kwa hiyo katika vizazi vitatu vinavyofuatana tuna Yahwe ametoa, Bwana ndiye atetaye, na nani aliye kama Yahwe, na mtu anayetaka kumpa Merib-baali mungu mwingine itambidi amtoe katikati ya baba na mwana wanaomkiri mungu mmoja.

Orodha ya Benyamini inaendelea kutoka kwa Mika: Pithoni, Meleki, Tarea, Ahazi, kisha Yehoada, ambaye naye amebeba jina la Yahwe, na kuendelea vizazi vingi hadi wana wa Ulamu, wapiga upinde hodari, ambao pamoja na wana wa wana wao wanahesabiwa 150. Mambo ya Nyakati inaiandika orodha hiyo katika sura ya 8, na sehemu yake kubwa inarudiwa katika sura ya 9. Mara zote mbili waliomhesabu babu yao, wakati ambapo waandishi wengine walikuwa wakisema aibu, walimhesabu kwa jina Merib-baali. Naona muda wa maswali umefika, nami niko tayari kuyapokea. Asanteni.